Nyama ya Kuanika na Sahani za Majirani

Kwanza nikwambie jambo moja tusije tukapotezeana muda: nyama ya kuanika sijaiacha. Ninapoandika haya ipo kwenye kikombe cha bati hapa mezani, vipande vinne, na kimoja kimeshaingia mdomoni. Wale waliosema nitakufa nayo bado wapo, mimi nami bado nipo, na tukikutana njiani tunasalimiana vizuri tu.

Nakuandikia wewe uliyetoka kliniki ya sukari juzi na karatasi ya vitu vya kuacha. Najua umeikunja ukaitia chini kabisa ya mkoba na hujaifungua tena. Mimi yangu niliikunja mpaka ikawa ndogo kuliko stempu. Mambo ya kongosho utaelezwa na wenyewe waliosomea. Mimi nitakwambia yale ambayo mimi hakuna aliyeniambia: habari ya benchi, habari ya mguu, habari ya watu wa nyumbani, na habari ya sahani. Hasa hiyo ya sahani, maana ndiyo iliyotaka kunikata kidole.

Naitwa Asya. Nakaa Mgogoni, Pemba, na mume wangu Khalfan, ambaye maneno yake ya siku nzima yanatosha kwenye kijiko. Mtoto wetu mmoja, Seif, anafanya kazi Dar es Salaam. Wazee wetu walitoka Omani wakawa na mashamba makubwa ya mikarafuu. Siku hizi mashamba yamebaki kidogo na tabia zimebaki nyingi, na mojawapo ya tabia hizo ni nyama ya kuanika. Bibi yangu, aliyekuwa akichanganya Kiarabu na Kiswahili hata anapogombana na kuku, aliiita kadidi.

Si kitu cha ajabu. Unachukua nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta, unaichana vipande virefu vyembamba, unaiponda na kitunguu thomu, ndimu, pilipili manga, bizari na chumvi, unailaza usiku mmoja, kisha unaitungika kwenye kamba uani chini ya chandarua ili nzi wabaki na njaa zao. Jua kali la siku tatu linatosha. Ikikauka inakuwa nyeusi na ngumu, na kipande kimoja unaweza kukitafuna kutoka nyumbani hadi bucha na bado hakijesha. Wengine wana karanga zao, wengine ubuyu. Mimi tangu nina meno natafuna hiyo.

Ugonjwa ulinijia mwanzo wa masika, baada ya Idi Ndogo. Nilikuwa na kiu ambayo maji hayaimalizi. Nikinywa nakojoa, nikikojoa nataka tena kunywa. Kanga zikaanza kunipwaya. Siku moja nafua, pete yangu ya ndoa, ambayo kwa miaka thelathini haikutoka hata kwa sabuni, ikachomoka yenyewe ikazama ndani ya beseni. Khalfan akaiokota, akaitazama, akanitazama, akasema, "Kesho twende hospitali." Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Kliniki ya sukari kwetu ni Jumatano. Unafika saa moja asubuhi hujala kitu, unakaa kwenye benchi mpaka saa nne, na benchi lile lina sheria zake. Hakuna anayekuuliza jina. Wanakuuliza namba, yaani sukari yako ilisoma ngapi ulipopimwa mara ya mwisho.

"Mwenzangu, weye ya mwisho ngapi?" aliniuliza mama mmoja aliyekuja kutoka Micheweni, mikono imechubuka kwa kamba za mwani.

"Ishirini na mbili," nikasema, kwa sauti ya chini.

"Loo! Mie kumi na nne, na jana usiku sikulala kwa hofu."

Nilijisikia kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. Lakini mama yule akafungua mfuko wake, akatoa tango, akalikata kwa meno, akanipa nusu. Akasema tukishapimwa tutakula. Basi nikakaa na nusu ya tango mkononi saa nzima, na mpaka leo nikiona tango namwombea dua.

Nesi wa pale ni binti mmoja, Raya. Hakunipigia kelele. Aliniuliza nala nini, nikamwambia. Akauliza natafuna nini baina ya chakula na chakula, nikamwambia nyama ya kuanika, nikakaza shingo nikisubiri ugomvi.

"Vipande vinne kwa siku, mama," akasema. "Na chumvi uitie nusu ya hiyo unayotia, kwa sababu presha yako nayo haijatulia. Vitu vitamu je? Soda, halua, kaimati, sukari ya chai?"

"Nimeacha vyote," nikasema. Na niliposema hivyo, wallahi, nilijiona nasema kweli. Chai nilikuwa nainywa kavu, ina ladha ya maji ya kuoshea vikombe.

Nikarudi nyumbani nikapunguza chumvi nikaongeza ndimu. Kila asubuhi nahesabu vipande vinne, natia kwenye kikombe cha bati, kikombe kikiisha nami nimemaliza. Vidonge nilivinywa kwa saa. Wali niliupima kwa kikombe cha kahawa, na wali wa kikombe cha kahawa ni dharau kwa mtu mzima, lakini nilikula. Sukari ikashuka kidogo, ikafika kumi na saba, ikakaa hapo. Kila Jumatano kumi na saba, kumi na nane. Raya ananitazama, nami namtazama.

Hapo ndipo akaja wifi yangu. Bi Sharifa, dada wa mume wangu, alikuja kutoka Micheweni kuniangalia kwa wiki mbili, akakaa miezi mitano. Ni mtu mwema, naandika haya akiwa anajua. Lakini wema wake unatembea na fimbo. Alianza na jikoni, akahamia kwenye kabati, akamalizia uani kwenye kamba yangu ya nyama. Kila akipita chini yake anasonya.

"Wifi, hii nyama ndo inayokula mwili wako."

"Nesi kaniruhusu."

"Nesi mtoto mdogo yule. Kajuaje?"

Idi Kubwa ikaja, ng'ombe akachinjwa, nyama ikagaiwa, na mimi nikaanika nyingi kuliko mwaka wowote, kwa ushindani tu. Wiki iliyofuata tukaenda harusini Micheweni, nikavaa viatu vipya. Sikuhisi kitu. Nakwambia sikuhisi kitu kabisa, na hilo ndilo linalotisha katika maradhi haya. Tuliporudi Sharifa akanivua kiatu akapiga ukelele. Soksi imeganda damu chini ya kidole kidogo cha mguu wa kulia, na mimi nilikuwa nimecheza mpaka alasiri.

Kidonda hakikufunga. Nikawa naenda kusafishwa kila siku mbili. Harufu ya dawa ile ya kusafishia ilikaa puani hata nikinusa karafuu. Mwisho wa wiki ya tatu daktari akaja mwenyewe, kijana mwenye miwani, akainama, akabonyeza, akanusa, akainuka.

"Bi Asya, sukari ikibaki juu namna hii kidonda hakifungi. Nakupa wiki sita. Kisipofunga itabidi kidole tukiondoe. Na sitaki kukudanganya, wengine huanza na kidole na hawaishii hapo."

Kidole kidogo cha mguu ni kitu ambacho mtu hajawahi kukifikiria. Tangu siku ile kila nikitawadha, nikifika miguuni, nachanua vidole kimoja kimoja kwa kidole cha mkono kama tulivyofundishwa kwenye chuo cha Kurani, na nikifika cha mwisho nakishika kwanza nione kama bado kipo. Niliogopa. Niliogopa kidole, niliogopa mguu, niliogopa kukalishwa kwenye kiti cha magurudumu na Sharifa akinisukuma huku ananielezea makosa yangu. Mbele ya watu nilikuwa mkali kama pilipili, nikiingia chumbani nalia ndani ya mto.

Nyumbani hukumu ikapita siku hiyo hiyo. Seif akapiga simu kutoka Dar: "Mama, nakuomba, wacha hiyo minyama." Sharifa hakupiga simu wala hakuomba. Nilipotoka kusali adhuhuri nikakuta kamba imekatwa, mtungi wa nyama haupo.

"Wifi, nyama yangu iko wapi?"

"Haipo."

"Nakuuliza iko wapi, sikukuuliza kama ipo."

"Kamuulize mumeo."

Khalfan alikuwa amekaa barazani anatazama njia. Nikamuuliza. Akasema, "Mama Seif, mie n'ataka mguu wako." Baadaye nilijua mtungi kaufungia kwenye ghala ya karafuu na ufunguo kautia mfuko wa kanzu. Sikuzungumza naye siku tatu, na kwa namna anavyozungumza sijui kama aligundua.

Wiki nzima sikutia nyama ya kuanika mdomoni. Jumatano nikaenda kliniki na uso wangu wa kesi, nikachomwa kidole. Raya akatazama mashine, akatabasamu.

"Kumi na moja, mama! Umefanya nini?"

Sharifa alikuwa nyuma yangu. Sikuhitaji kugeuka. Nilimsikia akivuta pumzi kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Njia nzima ya kurudi alikuwa ameshika kitabu changu cha kliniki mkononi, si kwenye mkoba, mkononi, na kila tuliyekutana naye alioneshwa. "Kaacha nyama, sukari imeshuka! Tizama! Sikusema mie?" Ushahidi ulikuwa wake. Nilikaa jikoni natazama kikombe changu cha bati kitupu, na kwa mara ya kwanza tangu niumwe nikafikiri labda wao ndio wakweli na mimi nina kichwa kigumu tu.

Ijumaa akaja Bi Mize.

Bi Mize ni jirani yangu wa nyumba ya tatu, na ni shoga yangu tangu tulipokuwa tukikaa mkeka mmoja chuoni na kuchapwa bakora moja. Mgogoni nzima hakuna mtu anayepika kaimati kama yeye. Vijidonge vya unga vya kukaanga, nje vinavunjika, ndani laini, shira ya sukari imeingia mpaka moyoni. Harusi ya mtu ikikosa kaimati za Mize watu husema bibi harusi hana watu. Aliingia na sahani yangu, imefunikwa kitambaa.

"Salaam aleikum. Sahani yako hii, shoga yangu. Iko kwangu tangu juma lililopita, nilikuwa nimeishiwa unga, nikaona haya kuirudisha tupu."

Sasa lazima nikueleze, maana labda wewe unatoka mahali ambako sahani ni sahani tu. Kwetu nikianika nyama sili peke yangu. Inayokauka naigawa, kidogo kidogo, nyumba tano au sita, kwenye sahani. Na sahani ya mtu hairudishwi tupu. Aliyepokea nyama anarudisha kitu chake, na kitu chenyewe mara nyingi ni kitamu: vitumbua, visheti, mkate wa kumimina, ndizi za nazi, halua. Mama yangu alinifundisha kwamba chombo kikirudi, fungua, onja mbele ya aliyeleta, msifu. Kutia ndani bila kuonja ni kumwambia mwenzako huiamini mikono yake.

Basi nikafungua, nikaonja kaimati moja. Mize akasema, "Onja ile ya chini, ndo ilokunywa shira." Nikaonja ya chini. Tukazungumza, nikaonja nyingine. Akaondoka.

Seif alikuwa amenitumia mashine ndogo ya kupimia nyumbani. Saa mbili baada ya Mize kuondoka nikajichoma, kwa mazoea tu. Kumi na saba.

Nilidhani mashine imeharibika. Nikanawa mikono, nikajichoma kidole kingine. Kumi na saba. Na nyama sijala kwa siku tisa.

Nilikaa kwenye kigoda nikahesabu. Wiki ile sikugawa nyama kwa kuwa nyama haipo. Kwa hiyo sahani hazikurudi. Kabla ya hapo zilikuwa zikirudi kila siku ya Mungu, leo ya huyu, kesho ya yule, na kila ikirudi naonja. Na Raya akiniuliza kama nimekula kitu kitamu, namwambia sijala. Unajua kwa nini? Kwa sababu kuonja si kula! Mwezi wa Ramadhani mpishi anaonja chumvi ya futari kwa ncha ya ulimi na saumu yake ipo pale pale. Miaka hamsini nimeishi na hukumu hiyo kichwani. Nikaichukua kama ilivyo, nikaipeleka kwenye sukari. Nilisahau jambo moja tu: mpishi wa Ramadhani anatema. Mimi nilikuwa nameza, na ya chini nayo, ile iliyokunywa shira.

Nilicheka peke yangu mpaka Sharifa akaja kuangalia kama nimepatwa na wazimu.

"Kaniletee mtungi wangu," nikamwambia.

"Wifi, tumekubaliana..."

"Hatujakubaliana. Mmenipora. Leteni mtungi, na mashine hii hapa, na weye kaa hapa siku tatu unitizame kama paka anavyotizama shimo. Nitakula vipande vinne kila siku mbele yako. Kitu chochote kitamu hakitaingia mlangoni mwangu. Ikipanda, nikatie kamba tena weye mwenyewe."

Khalfan alisikia kutoka barazani. Akainuka, akaenda ghalani, akarudi na mtungi, akauweka mbele yangu. Nilimsamehe papo hapo lakini sikumwambia mpaka jioni.

Siku ya kwanza kumi na mbili. Ya pili kumi. Ya tatu tisa na nusu. Sharifa aliichukua ile mashine akaigeuza chini juu kutafuta kama ina mlango wa nyuma. Kisha akakaa kitako mkekani.

"Basi ni kaimati," akasema taratibu.

"Ni mdomo wangu, wifi. Kaimati hazina makosa."

Ukidhani hapo ndipo mambo yalipokwisha, hukai Pemba. Zimebaki wiki nne. Sasa nifanye nini na sahani? Sharifa akasema niache kugawa. Nikamwambia afadhali mkate kidole leo hii. Nianike nyama, harufu ivuke ukuta, jirani anuse, kisha nile peke yangu nyuma ya mlango? Sikulelewa hivyo. Akasema basi pokea usionje. Lakini mwenye sahani amesimama mbele yako anangoja! Akasema mpe Khalfan ale. Khalfan alikula siku mbili akaanza kushika tumbo, na tena sitaki tukakae benchi wawili. Na kaimati za Mize zikiwa ndani ya nyumba hiyo hiyo niliyomo, najijua.

Nikavaa kanga, nikafunga bandeji vizuri, nikachukua bakora ya Khalfan, nikatoka mlango kwa mlango.

"Nyama nitakuleteeni kama kawaida," nilisema kila nyumba. "Ila sahani yangu nirudishieni tupu."

Mmoja alicheka akadhani natania. Mwingine akasema haiwezekani, ni aibu, angalau atie chochote. Ningeweza kumwambia atie ndimu, lakini watu wangu nawajua: ukimfungulia mtu mlango wa ndimu, ataingia na ndizi za nazi. Nikasema tupu. Nikaonyesha bandeji. Wanne wakakubali, shingo upande.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bi Mize. Alikuwa anakanda unga. Nilipomaliza kusema, mikono yake ikasimama ndani ya bakuli.

"Tupu? Mie nirudishe sahani tupu? Nimekukosea nini, Asya?"

"Hujanikosea. Ni mguu wangu, Mize."

"Watu watasema Mize kaishiwa. Watasema Mize mchoyo. Mamaangu kafa hajapata kurudisha chombo cha mtu kikavu, leo mie..."

"Daktari kanipa wiki sita, na zimebaki nne."

"Basi usiniletee nyama," akasema. "Usinipe, nisirudishe. Ntakaa na aibu yangu ya kutopewa, hiyo naiweza."

Akageuza uso akaendelea kukanda. Nilirudi nyumbani nachechemea, na uchungu nilioupata njiani ule haukuwa wa kidonda. Kuna rafiki ambaye ukimpoteza utu uzima humpati mwingine, kwa sababu hakuna atakayekujua ulipokuwa na meno ya maziwa. Nilimkasirikia, nikajikasirikia, nikakasirikia na unga wenyewe.

Wiki nne zile zilikuwa msimu wa karafuu. Majamvi yametandikwa kila mahali, kijiji kizima kinanukia, watu wanachambua karafuu kutoka kwenye vikonyo mpaka vidole vinakuwa vyeusi. Mimi nikakalishwa barazani, mguu juu ya mto, nikachambua na wengine. Mguu mbovu, mikono mizima. Kila siku mbili kusafishwa. Kila asubuhi vipande vinne kikombeni. Ijumaa nagawa nyama nyumba nne, sahani zinarudi tupu, zimeoshwa, na wanaozileta wanazitia mlangoni haraka haraka bila kunitazama usoni. Mmoja aliingiza kwa dirisha. Watu waliona haya kwa niaba yangu, na mimi niliwaacha waone. Haya zao zilikuwa zinafunga kidonda changu.

Nyumba ya tatu mlango ulibaki umefungwa. Mize akipita njiani anasema "Masalkheri" kwa wote waliokaa barazani, kwa jumla, ili asilazimike kunisemesha mimi.

Jumatano ya mwisho tukaenda sote. Sharifa alibeba kitabu, Khalfan alibeba maji, mimi nilibeba moyo. Mama wa Micheweni alikuwepo kwenye benchi. Akaniuliza namba, nikamwambia nane, akanipiga kofi la bega. Nikaitwa. Daktari akafungua bandeji, akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Akabonyeza. Akamwita Raya aje aone.

"Kimefunga," akasema. "Bi Asya, kidole chako baki nacho."

Nilitaka kusema kitu cha kishujaa. Nilikuwa nimekiandaa tangu usiku. Kikatoka kilio tu, na Sharifa akalia zaidi yangu mpaka Raya akamletea kiti. Khalfan alisema "Alhamdulillahi" mara tatu, na kwa mara ya kwanza nikamwona anatafuta neno la nne.

Wewe unayesoma, usije ukasema Asya kakwambia ule nyama. Sijakwambia. Waulize wa kliniki yako, presha yako si yangu, na chumvi si mchezo. Ninachokwambia ni kwamba usikubali kunyang'anywa kitu kwa kelele. Pima. Na ukipima, hesabu na vile ambavyo umezoea kutovihesabu: unachoonja jikoni, unachomalizia kwenye sahani ya mtoto, unachopewa msibani, unachomeza kwa ajili ya kumridhisha mtu. Kisha uwaambie watu usoni unachotaka. Watakasirika. Wacha wakasirike.

Alhamisi asubuhi, siku ya pili yake, nikavaa viatu vya wazi, nikatia nyama kwenye sahani, nikaifunika, nikatoka kwa miguu yangu bila bakora. Nikabisha nyumba ya tatu.

"Hodi."

"Karibu."

Mize akatokea mlangoni. Akatazama sahani. Akatazama miguu yangu chini, taratibu, nikaona midomo yake inahesabu. Akapokea sahani, akaingia ndani, akaniacha nimesimama.

Nilisikia nyama inamiminwa. Nilisikia maji. Kisha nikasikia kifuniko cha sufuria kikifunuliwa, na harufu ya shira na hiliki ikaja mpaka pale nilipo. Nilishika kizingiti. Mimi nilikwisha sema langu, uamuzi ulikuwa wake. Kisha kifuniko kikarudishwa mahali pake.

Alitoka amejitanda buibui, na sahani mkononi haina kitambaa. Kwetu chombo hakitembei wazi hata kikiwa na chumvi tu. Akasema, "Twende nikurudishe."

Tukatoka. Mize alishika ile sahani mbele ya kifua chake, saa nne asubuhi, jua linawaka ndani yake. Barazani walikuwepo wachambuaji karafuu, wanawake kwa wanaume, na mikono yote ikasimama. Mzee mmoja, ambaye kazi yake ni kuuliza, akauliza.

"Bi Mize! Leo sahani mbona wazi?"

Mize akasimama katikati ya njia. Akaigeuza sahani kwao, akawaonyesha upande mmoja, akawaonyesha wa pili.

"Tupu," akasema kwa sauti ya kufika mpaka msikitini. "Haina kitu. Mwenzangu kaniomba mguu wake, nimempa."

Akanishika mkono, tukaendelea kutembea, yeye na sahani yake, mimi na vidole vyangu kumi.